Magari yamepita kilometa 300,000: oili gani, na nimwage kila baada ya kilometa ngapi?

Msimamizi wa Magari
Wakuu, habari za leo. Nasimamia magari 14 ya kazi: vani 9 za dizeli na gari ndogo 5 za petroli, karibu yote yamepita kilometa 300,000. Yote nayawekea oili ya 15W-40 na kumwaga kila kilometa 5,000. Bosi analalamikia gharama, anataka twende mpaka 10,000. Fundi wetu naye anasema gari likizeeka lihamie 20W-50, oili nzito zaidi.

Kinachoninyima usingizi ni vani moja inayokula karibu lita 1 kila kilometa 1,500. Jana asubuhi nimechomoa stiki ya kupimia oili, injini ya baridi, gari liko tambarare: oili iko chini ya alama ya mwisho, na ina siku 12 tu tangu imwagwe. Naombeni ushauri, sitaki kuua injini.

Fundi Dizeli
Mkuu, anza na hiyo inayokula. Oili nzito haifufui ringi za pistoni zilizochoka. Itapunguza moshi kidogo, lakini asubuhi itachelewa kufika kwenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Tafuta inakopotelea. Ukiwasha ikatoa moshi wa bluu kisha ukakata, shuku sili za valvu. Ikitoa ukikanyaga mafuta kupanda mlima, ni ringi au turbo. Kama hakuna moshi, ingia chini na tochi, mulika pale injini inapokutana na giaboksi. Usiku tandika boksi la karatasi chini yake, asubuhi uone oili imedondokea wapi.

Halafu hiyo 15W-40 ni uzito tu, soma na daraja. CI-4 na CK-4 ni za dizeli, SP ni ya petroli. Vani yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi usiitilie CI-4, majivu yake yanaziba. Na hizo 5 za petroli fungua vitabu vyake, gari nyingi za sasa zinataka 5W-30.

Dereva Mkongwe
Ndugu, hizo vani zinasimama zikiunguruma saa ngapi kwa siku? Odometa haihesabu hilo, ila oili inachoka vilevile. Ford kwa magari yake ya kazi huhesabu saa 1 ya kuunguruma kama kilometa 40 hivi za barabarani. Saa 3 kwa siku, siku 25, umeshaongeza 3,000 ambazo hazionekani popote. Gari la namna hiyo ukilipeleka 10,000 unalimaliza.

Mpima Oili
Kabla ya kurefusha, peleka sampuli maabara. Mwaga injini ikiwa ya moto, acha oili ya mwanzo ipite, kinga ya katikati kwa chupa safi na kavu. Silikoni ikiwa juu, vumbi linaingia: kagua kichujio cha hewa na mipira yake. Risasi na shaba zikipanda pamoja, beringi zinalika. Dizeli ikionekana ndani ya oili, nenda kwenye nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini.

Weusi usikutishe, oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa masizi. Shtuka kiwango kikipanda kwenye stiki na hujaongeza kitu.

Msimamizi wa Magari
Asanteni sana wakuu. Boksi limeamka na doa la ukubwa wa kiganja, chini ya giaboksi kabisa, na moshi hakuna. Nimeagiza sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili pale injini inapokutana na giaboksi. Bosi amekubali: vani 4 zinazounguruma kutwa zinabaki 5,000, na 3 za safari ndefu zinaanza 7,000 kwa sampuli. 20W-50 nimeiacha.

Fundi Dizeli
Safi. Wakishusha giaboksi waangalie na klachi, sahani ikiwa imelowa oili ibadilishwe. Na bomba la kupumulia injini lisafishwe kabla hawajafunga. Likiwa limeziba, presha itaisukuma nje hata hiyo sili mpya.