Sahani ya mbegu ya mashine ya kupandia: printa ya 3D, leza, kukereza au kumimina alumini?

Mpanzi wa Njoro
Habari zenu mafundi. Ninaunda mashine ya kupandia mahindi, ya kusukuma kwa mkono. Fremu, mpini na gurudumu viko tayari. Kimebaki kiungo kinachobeba kazi yote: sahani ya mbegu, ile inayozunguka chini ya ndoo na kuokota punje moja moja. Kipenyo chake ni sentimita 16, unene milimita 6. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 40, kwa hivyo likizunguka mara moja limetembea kama sentimita 126. Nataka sentimita 25 kati ya shina na shina, na sahani inazunguka sawa na gurudumu, basi inahitaji matundu 5.

Kikundi chetu kitataka sahani kama 20 baadaye. Kwanza nahitaji sampuli ya kujaribu shambani kabla ya mvua ya Machi. Nimetajiwa njia hizo nne za kwenye kichwa. Nianze na ipi? Nakuru mjini ni karibu, na Kisumu nina ndugu Kondele.

Fundi wa Kibuye
Alumini, ndugu yangu. Inayeyuka kwa nyuzi 660, huku Kibuye, Kisumu, tunaimimina kwenye mchanga bila shida, na sahani utakayopata itapanda misimu mingi. Mletee fundi kielelezo cha mbao, achape kalibu (shimo la umbo hilo kwenye mchanga), siku hiyo hiyo unaondoka na kitu mkononi. Plastiki kwenye vumbi la Njoro? Ule mchanga wa volkano ni msasa mtupu.

Mchapaji wa Milimani
Shikamoo mzee wa Kibuye. Kwa sahani 20 za mwisho sina ubishi na wewe. Lakini Mpanzi bado hajui tundu liwe na upana gani, na hilo hawezi kulijua kwa kukaa na kuchora. Akimimina alumini leo na tundu likawa dogo kwa milimita moja, anarudi kwenye kielelezo. Kwenye printa anabadilisha namba moja tu kwenye mchoro na kuchapa tena usiku huo.

Mpanzi, usichape hata sahani nzima kwanza. Chapa kipande kirefu chembamba chenye matundu yanayopanda ukubwa: milimita 10, 11, 12, 13. Mwaga mbegu juu yake, tikisa, hesabu ni tundu lipi linashika punje moja na lipi linashika mbili. Kazi hiyo haili plastiki nyingi, na itakupa jibu ambalo sahani nzima ya chuma ingekupa kwa gharama kubwa. Pima pia matundu yenyewe kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita), maana printa hutoa tundu dogo kidogo kuliko lilivyochorwa.

Ukishajua upana, chapa sahani yote ikiwa imelala. Printa hupanga plastiki tabaka juu ya tabaka; ukiichapa imesimama, tabaka hizo zitaachana ikipata mzigo, kwa kuwa udhaifu wa vitu vya printa uko kati ya tabaka na tabaka. Sahani yako ikijazwa kabisa itakula kama gramu 150 za PLA (plastiki ya kawaida ya printa), kwa hiyo kilo moja inatoa sahani 6. Ila PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Usiiache ndani ya gari kwenye jua la mchana, utaikuta imepinda. PETG, plastiki nyingine ya printa, inastahimili joto zaidi, hadi karibu nyuzi 80, nami ningeanza na hiyo moja kwa moja.

Kijana wa Kakamega
Si ni rahisi kutuma mchoro nje ya nchi wachonge na kuleta?

Mchapaji wa Milimani
Kwa sahani ya mwisho labda. Kwa sampuli unayotaka kuibadilisha wiki hii, mzigo utakufikia mvua ikinyesha. Zamani tungekosa la kufanya, lakini hataza (haki ya mvumbuzi) ya Scott Crump, aliyebuni uchapishaji huu, aliyoiombea mwaka 1989, iliisha 2009, na tangu hapo printa za mezani zimeshuka bei hadi zikafika kwetu.

Mkereza wa Nakuru
Mmeruka njia ya leza, na ndiyo ya haraka kuliko zote. Wale wanaotengeneza mabango mjini wana leza ya kukata akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo. Sahani yako ni bapa, haina umbo gumu. Kata duara mbili zenye unene wa milimita 3, zigandishe pamoja, umemaliza kabla ya chakula cha mchana. Akriliki hupasuka ikigongwa na jiwe, kwa hiyo ni ya kujaribia mezani na hatua chache shambani, basi. Na tafadhali, mtu asiwapelekee PVC, plastiki ya mabomba, wakate. Ikichomwa na leza hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kula mashine yenyewe.

Kisha kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, wa HDPE. Ni mgumu, unateleza, haunywi maji, na hauhitaji printa. Mimi ningekereza duara kutoka kwenye ubao huo na kutoboa matundu kwa keekee. Uzito wake ni kama gramu 115 tu, alumini ingekuwa zaidi ya 320.

Dada wa Agrovet, Bahati
Naomba niwakumbushe mbegu zenyewe. Punje za katikati ya gunzi ni bapa, za mwanzo na ncha ni za mviringo. Mbegu za pakiti huchambuliwa, lakini ukubwa hutofautiana kati ya pakiti na pakiti. Mpanzi, jaribu na aina mbili au tatu ambazo kikundi chenu hununua, siyo moja. Na mvae glavu, mbegu zile zimepakwa dawa.

Fundi wa Kibuye
Dada amenena. Kwa hiyo huenda mkahitaji sahani mbili kwa kila mashine. Basi nakubali, printa itangulie. Lakini ule mchoro wa sahani msiutupe, nichapieni sahani nyingine iwe kielelezo changu badala ya mbao. Ichapeni kubwa kidogo, kwa sababu alumini ikipoa husinyaa karibu milimita 13 kwa kila mita, yaani kwako kama milimita 2. Pembeni iinamisheni digrii 2 ili itoke kwenye mchanga bila kubomoa kalibu. Matundu msiyachape kabisa, nitayatoboa baadaye, yatakuwa safi zaidi.

Mpanzi wa Njoro
Nimeshukuru sana. Nitaanza na kipande cha matundu, kwa aina tatu za mbegu kama alivyosema Dada. Kisha sahani ya PETG shambani. Ule ubao wa nyama nitaujaribu sambamba, naona kwa wakulima 20 huenda ukashinda hata alumini, maana kila mmoja anaweza kujitobolea akibadilisha mbegu.

Mkereza wa Nakuru
Tundu la katikati je? Likiwa la duara sahani itateleza juu ya ekseli, na kwenye plastiki litapanuka upesi.

Mpanzi wa Njoro
Ekseli ni ya mraba, milimita 12.

Mkereza wa Nakuru
Vizuri. Pembe za tundu ziache na mviringo mdogo, ndipo nyufa huanzia. Na weka bati la chuma la milimita 3 katikati, ulishike kwa skrubu 4, ili ekseli isukume chuma badala ya plastiki. Niletee kipande cha ekseli chenyewe, siyo vipimo vya simu.