Mrejesho: Evo IX yangu, nilichukua krankshafti ya mm 100

Wadau, niliuliza hapa kuhusu injini ya 4G63 ya gari langu, Mitsubishi Lancer Evo IX, ninaloendea kazini Nairobi na kushindania mbio wikendi: nibaki na krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ya mm 88, yaani umbali pistoni inaopanda na kushuka, au niende 94 au 100? Asanteni sana, hasa mkuu aliyetupigia hesabu ya mwendo wa pistoni.

Nilichukua mm 100, ujazo wa injini ukawa lita 2.3. Hoja iliyonishawishi ni ya hewa nyepesi: Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) huchelewa kuamka, na ujazo mkubwa unaisaidia. Ni kweli kabisa. Nikitoka kwenye kona kali sasa gari linavuta papo hapo.

Ushauri wa kupima nafasi kati ya sehemu zinazozunguka na bloku (mwili wa injini) ndio uliookoa bloku. Fundi alipozungusha krankshafti kwa mkono, konrodi moja (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) ilikaribia kukwaruza ukingo wa chini wa silinda. Akasaga kidogo, akaosha bloku upya, ndipo akafunga.

Kilichogoma ni kwenye mizunguko ya juu. Kwa mizunguko 7,500 kwa dakika, pistoni inakwenda wastani wa mita 25 kwa sekunde, mwendo mkali, hivyo tumeweka kikomo hapo, na kwenye mnyoosho mrefu nabadili gia mapema mno. Mtetemo nao upo tangu tutoe shafti za mizani (zinazopunguza mtetemo wa injini). Kwenye foleni usukani unatikisika, na dawa sijaipata.

Anayekimbia zaidi kwenye minyoosho, ile ya 94 mliyopendekeza itamfaa kuliko hii.