CMake inanitengenezea projekti ya Visual Studio 2022 wakati mimi nataka 2019, msaada wakuu

Fundi_Mchanga:
Wakuu habari za jioni. Siku ya tatu leo nahangaika na hiki kitu. Laptop yangu ina Visual Studio mbili, 2019 na 2022. Kuna kazi ya C++ nafanya na jamaa yangu ambaye ana 2019 tu, mashine yake ya GB 4 hata hiyo 2019 akiibonyeza anaenda kwanza kuinjika chai. Projekti inatengenezwa na CMake, ile programu inayosoma kodi yako na kukutolea mafaili ya kufungua kwenye Visual Studio. Sasa nikiandika cmake .. inanitolea projekti ya 2022, kila siku. Nikaona isiwe tabu, nikabofya raiti kliki kwenye ile sln (faili la kufungulia projekti) nikaamuru iwe inafunguliwa na 2019 daima. Kweli ikafunguka 2019, nikashangilia, ile kubildi tu kosa MSB8020, eti zana za kubildi v143 hazipatikani. Na jamaa kwake ni hivyohivyo. Kuifuta 2022 siwezi, kuna kazi nyingine ya .NET 6 inaitaka, na bando nililoishushia bado linaniuma.

Babu Kodi:
Futa 2022 maisha yaendelee

Fundi_Mchanga:
Mkuu umesoma lakini?

MlaKarakana:
Dogo hapo una matatizo mawili umeyafunga kamba moja. Nani anaifungua sln ni jambo moja, imetengenezwa kwa ajili ya nani ni jambo jingine kabisa. Ifungue hiyo sln kwa Notepad, mistari ya juu kabisa utakuta # Visual Studio Version 17. Hiyo 17 ndio 2022, 2019 ni 16. Kuna kiprogramu kinaitwa Version Selector ndio huwa kinasoma huo mstari kisha kinaita toleo lake, wewe ulivyolazimisha 2019 umekiruka tu. Na usije ukajifanya mjanja ukafuta 17 ukaandika 16, utakuwa umebadilisha kibao cha mlangoni, ndani kwenye vcxproj, faili lenye mipangilio ya kubildi, bado imeandikwa v143 ambayo 2019 haina, yenyewe ina v142.
CMake usipoiambia kitu inachukua Visual Studio mpya kuliko zote ilizozikuta. Iambie:
cmake -G "Visual Studio 16 2019" -A x64 ..

Fundi_Mchanga:
Nimefanya hivyo mkuu imegoma, inasema jenereta hailingani na iliyotumika mwanzo 😭 hapa jenereta ninayoijua ni ile ya umeme ukikatika

MlaKarakana:
Hahaha. Jenereta hapa ni hilo toleo unaloandika baada ya -G. Kosa hilo linatoka kwenye CMakeCache.txt, CMake ikishaandika humo ndio imeandika. Futa hilo faili pamoja na folda ya CMakeFiles, au acha folda la zamani kama lilivyo uanze jipya, mimi hupenda hivi:
cmake -S . -B build19 -G "Visual Studio 16 2019" -A x64
cmake --open build19
Ile sln nayo irudishe kwenye Version Selector, usiiache kwa 2019 maana ile kazi yako ya .NET 6 nayo itaanza kukufungukia huko, uje kulia tena hapa.

Dada_Terminal:
Kama umechoka kuandika -G kila mara weka setx CMAKE_GENERATOR "Visual Studio 16 2019", hiyo inahifadhi chaguo lako kwenye Windows, na CMake kuanzia 3.15 inaisoma. Ila funga hiyo terminal ufungue nyingine, setx haigusi dirisha lililo wazi, mimi hapo nilipoteza mchana mzima.

Fundi_Mchanga:
Imekubaliiii. 2019 imefunguka na imebildi mpaka mwisho. Mbarikiwe sana. Sasa hivi nazipu folda zima namtumia jamaa.

Dada_Terminal:
Weee subiri! Usimtumie build19. Projekti zinazotengenezwa na CMake zinabeba njia kamili za mashine yako, C kolon mpaka jina lako. Mtumie kodi na CMakeLists.txt (faili la maelekezo ya CMake) tu, atengeneze ya kwake huko. Akishakuwa na 2019 peke yake hata -G haihitaji.

Fundi_Mchanga:
Kumbe! Ndio maana wiki iliyopita kanipigia simu ananiuliza mbona kompyuta yake inatafuta folda lenye jina langu, nikamwambia ana virusi. Akaifomati.

Babu Kodi:
😂😂 mimi niliposema futa mkanisema