WATOTO WA BI TATU 🌴

Dada Salma 17:02: Asalaam alaykum. Majibu ya kinyama cha mama yametoka, napiga picha naweka hapa, someni msije mkasema hamkuambiwa

Dada Salma 17:03: 📷

Dada Salma 17:41: Watu 14 mmeona hamna anayejibu??

Rama 17:50: Niko kazini dada, inasemaje kwa kifupi

Dada Salma 17:51: Kansa ya kifuko cha nyongo. Kile kifuko walichotoa sababu ya mawe kumbe na yenyewe imo. Imeandikwa pT2b. Jumanne ana kipimo cha picha ya CT Muhimbili, nataka gari, mtu wa kulala naye Dar, na laki mbili mbili kabla ya Ijumaa

Kaka Hamisi 18:15: T2 si ndo hatua ya pili? Afadhali

Ba Mdogo Shabani 18:16: Kama nyongo wameshaitoa basi shemeji atakuwa mpole sasa, nimengoja miaka 40 😂

Rama 18:16: 😂😂😂 ba mdogo

Zuhura 18:19: Siku zote mambo ndo yanatumbukia nyongo, safari hii nyongo imetumbukia mambo 🤣

Dada Salma 18:20: Jamani.

Nuru 23:38: Samahanini nlikua zamu. Kaka Hamisi T2 sio hatua, hiyo T inasema tu kivimbe kimechimba ukuta wa kifuko mpaka wapi. Kikiishia tabaka la ndani kabisa ni T1a na hapo mara nyingi kutoa kifuko kunatosha, kikifika kwenye msuli T1b, kikipita msuli ndo T2. Sasa hiyo b ni upande ulioegemea ini na upande ule hauna utando wa kuutenga na ini ndo maana unaogopwa kuliko a inayotazama tumboni. Kikiingia ini lenyewe ni T3

Kaka Hamisi 23:44: We sema namba. Hatua ya ngapi

Nuru 23:52: Kwa T2b peke yake ni 2B. Ila angalieni chini kwenye picha wameandika Nx, yani tezi za limfu za jirani na kifuko hazijapimwa, daktari alikua anatoa mawe hakujua kama kuna kingine. Inatakiwa angalau tezi sita zipimwe. Wakikuta moja mpaka tatu zina kansa inaruka inakua 3B, nne kwenda juu 4B, hata kama kwenye kifuko ni T2 hiyo hiyo. Na CT ikionyesha imefika mbali ni 4B pia. Kama CT iko safi watataka kumrudisha thieta wakate kipande cha ini pale kifuko kilipokuwa kimelala na watoe tezi

Kaka Hamisi 23:55: Thieta tena?? Si walisema kitu kidogo, siku mbili yuko nyumbani

Dada Salma 23:56: We kaka nyamaza tu, nlisema toka mwezi wa pili akapigwe ultrasaundi ukasema vidonda vya tumbo mpeni maziwa

Kaka Hamisi 23:58: Na minazi ya Pongwe uliyouza kwa matibabu ya baba, risiti tuliona?

Dada Salma 23:58: Umeanza

Zuhura 23:59: Si leo jamani

Rama 00:03: Hapo kwenye minazi hata mi nataka kuelewa 😅

Mjomba Athumani 05:47: Nimesoma yote toka juu. Hiyo namba mnayoigombania dada yangu kaambiwa? Jana nimeongea naye anasema angoja nyuzi zikauke arudi shambani

Dada Salma 06:30: Shikamoo mjomba

Nuru 06:41: Shikamoo mjomba. Hajaambiwa

Mjomba Athumani 06:43: Marahaba. Asipande gari Jumanne kabla hajaambiwa

Dada Salma 10:15: Haya nani anamwambia

Rama 10:20: Da Nuru si ndo anajua mambo yenyewe

Nuru 10:22: Nimwambie kama nesi au kama mwanae

Ba Mdogo Shabani 10:31: Gari langu lipo ila tairi moja ya nyuma sio ya Dar

Dada Salma 10:32: Hamisi we ndo mkubwa

Dada Salma 13:05: Hamisi naona tiki za bluu

Kaka Hamisi 16:48: Nimetuma laki. Iliyobaki mwisho wa mwezi

Dada Salma 16:49: Sijauliza hela