Mjadala: Nyambizi iliyostaafu ibaki ikielea, ipandishwe nchi kavu, au ikatwe?

Baharia wa Bara: Wakuu, Oktoba 2022 nyambizi ya Marekani USS Clamagore iliondolewa Patriots Point, South Carolina, ikaenda kukatwa chuma chakavu. Ilikuwa makumbusho pale tangu 1981, na hakuna nyingine ya aina ya GUPPY III, yaani nyambizi za vita vya pili zilizoboreshwa baadaye, iliyobaki. Wengi wanalaumu waliotia saini ikatwe. Mimi naona kosa ni la 1981, ilipofungwa gatini na kuachwa kwenye maji ya chumvi. Matangi yake ya kuzamia yako wazi upande wa chini, kwa hiyo chumvi inayatafuna ndani na nje, na ndani humo brashi ya rangi haifiki. Vali za juu zikianza kuvujisha hewa, nyambizi inashuka taratibu hapohapo gatini, na kompresa inakuwa kama mashine ya kumpumulia mgonjwa.

Fundi Chelezo: Napinga, mkuu. USS Pampanito ni ya daraja la Balao, yaani muundo uleule wa Clamagore, iko San Francisco tangu 1982, inaelea kwenye chumvi, na watu bado wanaingia. Tofauti ni chelezo, mahali meli inapotolewa majini ikarabatiwe. Ikipandishwa, unaosha konokono na magugu, unapiga mchanga hadi chuma kitupu, unapima unene wa mabamba kwa mawimbi ya sauti, unachomelea viraka, unafunga vipande vipya vya zinki viliwe na kutu badala ya chuma, ndipo rangi. Gamba la ndani la Balao, linalohimili shinikizo la maji, lilianza na milimita 22 hivi na lina uvumilivu. Mabamba ya matangi ni membamba zaidi, na hutoboka kwanza pale kwenye mstari wa maji, kwa sababu hapo chuma kinalowa na kukauka kila siku na oksijeni haikosekani.

Tahadhari moja kubwa: ndani ya gamba kumebandikwa tabaka la gome lile la vizibo vya chupa. Ukichomelea nje bila mtu wa zamu ndani mwenye maji na kizima moto, gome linafukuta kimyakimya, na moshi utauona umeshachelewa.

Mtunza Vyuma: Nchi kavu nayo si dawa peke yake. Nyambizi ya Kijerumani U-505 ilitolewa majini Chicago mwaka 1954, ikakaa nje miaka 50 ikipigwa na theluji na mvua. Mwaka 2004 ikabidi iteremshwe kwenye ukumbi uliochimbwa chini ya ardhi, mradi wa dola milioni 35. HMS Alliance ya Uingereza, kule Gosport, iliwekwa juu ya nguzo, lakini bahari ikabaki chini yake, na kutu ikala pua na mkia. Ukarabati uliokamilika 2014 uligharimu kama pauni milioni 7, na sehemu ya kazi ilikuwa kujaza ardhi chini yake ili mawimbi yasifike tena. Nje bila paa, sitaha ya juu inashika maji ya mvua na kinyesi cha ndege, na uchafu ule unaozesha chuma kutoka juu.

Mpiga Hesabu: Kabla ya paa kuna sumu. Asbesto kwenye mabomba, kemikali za sumu ziitwazo PCB kwenye maganda ya nyaya, na betri: nyambizi za Marekani za vita vya pili zilibeba seli 252, kila moja kama kilo 750. Kuzitoa pekee ni mradi. Asiye na fedha ya kupanda chelezoni mara mbili, ya sasa na ya baadaye, asipokee nyambizi nzima. U-534, nyingine ya Kijerumani, ilikatwa vipande mwaka 2008 na kuwekwa Birkenhead, Uingereza; mtu wa kiti cha magurudumu akaweza kuona injini ambazo asingezifikia kwa kupita milango ya duara.

Baharia wa Bara: Hilo la kiti cha magurudumu limenigusa, nakubali. Ila nyambizi iliyokatwa haikuonyeshi jinsi watu zaidi ya 70 walivyobanana ndani ya mita 95.

Fundi Chelezo: Basi itafutiwe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. USS Cobia iko Manitowoc na USS Silversides iko Muskegon, zote Ziwa Michigan. Kutu huko inakwenda polepole mno. Lakini vipimo vya unene vichukuliwe kabla ya kuivuta. Bamba la tangi lililobaki nusu ya unene wake halivumilii safari ya baharini, na bima ya kuivuta hutaipata.