Tupeane uzoefu: mliosomea kazi za thieta (chumba cha upasuaji), ajira ikoje hapa Dar?

Wakuu, mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, sayansi kafaulu, sasa kang'ang'ania thieta. Anaona video za Marekani, mtu anasomea kumhudumia daktari wa upasuaji tu. Kwetu njia ni ipi? Shusheni nondo.

Sista wa Zamu: Bongo njia kuu ni uuguzi. Diploma miaka mitatu, usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu thieta unaijulia kazini. Mimi nilianza kwa kusukuma machela na kufunga seti za vifaa vya kupeleka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Kuskrabu, yaani kunawa na kusimama mezani kumpa daktari vifaa, kulikuja baadaye. Na asidhani kazi ni kumpa daktari mkasi tu. Gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, tunahesabu watu wawili, kwa sauti, kabla ya kukata na kabla ya kufunga kidonda, zinaandikwa ubaoni. Ikipungua moja hakuna kufunga, hata daktari afoke vipi. Ndoo inamwagwa, mashuka yanakung'utwa. Kuna siku tuliikuta imenata chini ya buti la aliyekuwa anafoka.

Mifupa: Njooni thieta ya mifupa muone. Drili, nyundo, na aproni ya madini ya risasi ya kukinga eksirei juu ya mabega. Mgongo ndio unaomba likizo.

Mbagala Rangi Tatu: Kuhusu ajira: serikalini tangazo kwenye Ajira Portal linataka muuguzi, halitaji thieta. Ukiripoti ndiyo unapangiwa kitengo. Mimi nilijitolea hospitali ya rufaa, nauli ya daladala juu yangu. Kwenye usaili hospitali binafsi waliniuliza, "Sisarian ya usiku unaskrabu mwenyewe?" Naweza. Wenye GPA kunizidi waliachwa.

Mwenye uzi: Kuna watu wamempigia dogo, "ufundi wa upasuaji miezi sita, ajira uhakika."

Sista wa Zamu: Miezi sita! Ingia tovuti ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, uangalie chuo na kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwemo. Halafu waulize anasajiliwa na baraza lipi akimaliza. Wakianza kigugumizi, ada ibaki mfukoni.

Mdau Ohio: Huku ni fani inayojitegemea. Kozi kwa kawaida mwaka mmoja hadi miwili, iwe na ithibati ya CAAHEP au ABHES, mashirika ya kukagua ubora wa kozi, kisha mtihani wa bodi ya NBSTSA upate CST, cheti cha fundi wa upasuaji: maswali 175, yanayohesabiwa 150. Majimbo mengine yanadai hicho cheti, mengine yanaiachia hospitali. Ila mwenye CST si nesi, wodini hapangiwi. Dogo akisoma uuguzi, thieta ikimshinda ana pa kwenda.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Dogo kasoma yote, anauliza ukizimia ukiona damu wanakufukuza?

Mifupa: Hawafukuzi, wanakukalisha ukutani na soda. Anywe chai nzito kabla ya kuingia, wengi tuliowaokota chini ilikuwa njaa.