Vitabu vya kwenye simu vinanimaliza hela, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Kila mwezi natenga shilingi 30,000 za vitabu. Tangu nianze kusoma kwenye simu, tarehe 15 haifiki zimeisha. Naona kitabu bei chee, nabonyeza, kesho kingine. Juzi nimehesabu: nimelipia 11, nimemaliza vitatu tu. Imeniuma.

Halafu bei zenyewe zinanichanganya. Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu cha duka la mtandaoni la Amazon, ilipotoka mwaka 2007, Amazon waliuza vitabu vingi vipya kwa dola 9.99. Mwaka 2010 wachapishaji wakubwa wakaungana na Apple kupanga bei wenyewe, vikapanda hadi 12.99 na 14.99. Mwaka 2013 mahakama ya Marekani ikasema ile ilikuwa njama. Lakini hadi leo vingine vinakaribia bei ya karatasi, wakati hakuna karatasi wala usafirishaji! Tena cha simu siwezi kumwazima mdogo wangu wala kukiuza. Vile vya mtumba ninavyookota barabarani Posta, nikimaliza kimoja kinazunguka nyumba nzima.

Mnaosoma kote kuwili, mnapangaje bajeti? Ninunue kishikwambi cha kusomea, au nirudi kwenye karatasi?